Wanaoonja kwa Ulimi wa Kuazima

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuonjea bia. Wameketi London katika baa zinazojipikia bia, wengine hujipikia majumbani, kisha hurudi pwani wakiisifu kwa Kiingereza kitupu. Ngao yao ni gurudumu la ladha alilolibuni Morten Meilgaard katika miaka ya 1970, lililozipanga harufu na ladha za bia kwa majina. Kazi ile ni njema, haina ubishi. Ila mgema hawakumsikiliza. Yeye, ashukapo mnazini na kotama yake, hulijua tembo tamu la asubuhi, kali la jioni, na lililokwisha kugeuka siki. Maua ya hopi huleta uchungu. Kikazacho ulimi ni ukakasi. Kilichozidiwa maji ni chapwa, na methali ya mgema aliyesifiwa ni hukumu ya mwonjaji hasa. Hata asiyegusa kileo kwa dini yake huyajua maneno hayo kwa embe bichi, ukwaju na shubiri. Basi na waulizwe: ile ya London ilikuwa na uchungu au ukakasi?