Sare za Agosti 15 na Ndimi Zetu



Kila Agosti ikikaribia, sisi mafundi wa Kiislamu hapa Sengerema tunasikia maneno yale yale: "Mnawashonea makafiri sikukuu yao!" Wasemaji wengi ni wanawake wenzetu. Leo tunawajibu.

Agosti 15 Wakatoliki wanaadhimisha Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wanaamini alichukuliwa mwili na roho, na Papa Pius XII aliitangaza imani hiyo rasmi mwaka 1950. Septemba 8 wanakumbuka kuzaliwa kwake. Basi akina mama wa WAWATA hutuletea vitenge mapema: sketi, magauni, vilemba. Tunapima, tunakata, tunalipwa, watoto wanakwenda shule.

Je, tunashiriki ibada? Hapana. Hatuendi misa, hatushiki rozari, hatumwombi Maryam. Qur'ani imetufundisha kuwa yeye ni mja mkweli na mwanawe ni Mtume. Joho la padri na kitambaa cha altare tunakataa kwa adabu, na wateja wetu wanatuelewa kuliko baadhi yenu. Mpaka wetu ni ibada. Gauni ni gauni.

Mnaotukemea mnatusomea Al-Kaafirun, vyema. Mbona hamfiki Al-Mumtahina aya ya 8, ambapo Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala kututoa majumbani mwetu? Au mmesahau Uhabeshi? Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka, aliyewapokea ni mfalme Mkristo, Najashi. Ja'far bin Abi Talib alimsomea aya za Surat Maryam, mfalme akalia, akakataa kuwarudisha kwa Maquraishi. Aliyesimulia kisa hicho ni Ummu Salama, mwanamke aliyekuwa miongoni mwao. Maryam, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani, ndiye mnayetaka tugombane na majirani kwa ajili yake?

Maneno haya si mepesi. Februari 2013, Buseresere, mkoa jirani wa Geita, ugomvi wa nani achinje nyama uliishia kwenye damu, mchungaji akauawa. Mambo kama hayo huanzia midomoni.

Nawe bibi harusi, siku ya nikaha yako nani anamenya vitunguu vya pilau? Nani anateka maji, anapiga vigelegele? Ni Mama Maria na Mama Yohana wa nyumba ya pili. Unataka wale pilau yako, kisha wakikualika unaziba pua? Uliza kilichopikwa. Al-Maida aya ya 5 imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu. Kama kuna kitimoto au pombe, kataa kwa upole, utapewa soda na chapati.

Wapo pia wanaozidisha upande wa pili, wanavaa rozari wapige picha za mtandaoni. Hao waache. Huko ni kuzichezea dini mbili kwa mpigo.

Sisi tutashona. Adhana ikilia tutaacha cherehani, tutaswali, tutarudi kumalizia vilemba vya watu. Anayeona tunakosea atuletee aya, asituletee matusi.

Wabillahi tawfiq.