Uganda ilimaliza ya tano duniani kwa netiboli, mabinti wa Pwani wako wapi?

Kombe la Dunia la netiboli lilichezwa Cape Town kuanzia Julai 28 hadi Agosti 6, 2023. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuja Afrika tangu yalipoanza Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963. Timu 16 zilishiriki. Australia iliilaza Uingereza 61-45 katika fainali, na hilo halikumshangaza mtu, kwani lilikuwa taji lake la 12.

Kwangu mimi habari kubwa ilikuwa nafasi ya tano. Waliomaliza hapo ni She Cranes wa Uganda, mbele ya wenyeji Afrika Kusini waliokuwa wa sita na Malawi waliokuwa wa saba. Hii ni nchi ambayo mizigo yake yapitia bandari yetu ya Mombasa kila siku. Kenya haikuwemo katika zile timu 16.

Wapo watakaosema netiboli ni mchezo mdogo, haumo hata kwenye Olimpiki. Ni kweli haumo, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya wakubwa wetu kuupa mgongo, kwa kuwa hela hufuata medali za Olimpiki. Lakini tazameni Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, 2026. Waandalizi walipopunguza michezo hadi 10, raga ya wachezaji saba, ambayo Wakenya twaishabikia kufa kupona, iliondolewa. Netiboli ikabaki. Na Kombe la Dunia lijalo ni Sydney, mwaka 2027.

Tukisema hatuna vipaji tutakuwa twajidanganya. Shule ya upili ya Kaya Tiwi, hapa hapa Kwale, imewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa wa netiboli wa shule za upili. Wasichana wa Pwani wamesimama na shule za bara na kuzishinda. Na mchezo wenyewe hauna gharama: wachezaji saba kila upande, mpira mmoja, uwanja uliosawazishwa na nguzo mbili zenye pete urefu wa mita 3.05. Hata fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani atazitengeneza.

Tatizo laanza siku msichana anapomaliza kidato cha nne. Jezi ya shule yarudishwa stoo, na kipaji chazikwa hapo. Nani atamchukua? Mvulana anayejua soka ana timu ya mtaa, ana ligi ya kaunti, na akibahatika ana Bandari FC ya kuota. Msichana wa netiboli arudi nyumbani kungoja kuolewa au kutafuta kibarua. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa wetu wacheza kwao, na tuzo hawaioni.

Wenzetu Uganda waliziba pengo hilo kwa vilabu. Shirika la bima la NIC, idara ya magereza na mamlaka ya jiji la Kampala, KCCA, zote zina timu za netiboli. Msichana akitoka shule apata pa kuendelea kucheza. Ndiyo njia iliyowafikisha kina Peace Proscovia na Mary Cholhok Nuba hadi klabu ya Loughborough Lightning nchini Uingereza, ambako netiboli ni ajira.

Hapa Mombasa mfano tunao, hatuhitaji kwenda Kampala kuuchukua. Mamlaka ya Bandari, KPA, ina timu ya wanawake ya mpira wa vikapu ambayo imekuwa bingwa wa Kenya na kucheza mashindano ya Afrika. Hiyo ni kazi ya taasisi moja iliyoamua. Je, kaunti sita za Pwani, ambazo Katiba imezikabidhi jukumu la michezo na viwanja, zashindwa kuunda ligi moja ya netiboli? Sisemi uwanja wa mamilioni. Nasema ratiba, marefa, nauli ya matatu na maji ya kunywa.

Lipo jambo la pili, na hili latuhusu sisi wazazi Waislamu. Wengi huwazuia mabinti kwa sababu ya mavazi, na hofu hiyo siidharau, kwani stara ni amri ya dini yetu. Lakini dunia imeshasogea. FIFA iliruhusu hijabu rasmi mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa vikapu, FIBA, likafuata 2017. Wakati netiboli inachezwa Cape Town, kule Australia Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani na hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo katika Kombe la Dunia la soka la wanawake. Netiboli ni mchezo ambao tangu asili wanawake hucheza na wanawake wenzao, na kanuni yamtaka mlinzi akae karibu mita moja mbali na mwenye mpira. Walimu wa michezo nao wakubali suruali ndefu, mikono mirefu na hijabu iliyofungwa vizuri bila kumfanya mtoto ajione mgeni katika timu yake. Mzazi akiona stara imelindwa, nusu ya mabishano imekwisha.

Msichana aliye shule ya upili leo, huenda mwaka 2027 akawa ndio kwanza amemaliza shule. Huyo hatacheza Sydney, tuseme ukweli. Lakini Kombe hilo huja kila baada ya miaka minne, na atakapokuwa na miaka 20 na kitu ndipo mwili na akili vinapokomaa kwa mchezo. Ikiwa miaka hiyo ya katikati ataipitisha bila mpira mkononi, tusije tukauliza tena kwa nini Uganda wamo na sisi hatumo. Mawaziri wa michezo wa kaunti zetu wana bajeti ya kuandika kila mwaka. Ya mwaka huu iwe na mstari mmoja wa netiboli.