Beki Asiyekosea Huenda Ndiye Asiyeufikia Mpira

Kila UMITASHUMTA na UMISSETA zinapokaribia, vijana wa Ngara na Biharamulo huchujwa kutoka shuleni hadi wilayani, na wachache huvuka kwenda kuunda timu ya Mkoa wa Kagera. Mshambuliaji ana shahidi wake: mabao yameandikwa. Beki hana shahidi. Yeye hukumbukwa kwa makosa tu. Nasema bila kupepesa macho kwamba kipimo hiki ni dhuluma, na kukivika asilimia hakukigeuzi kuwa sayansi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mabeki wawili wamecheza dakika sawa, na upande wa kila mmoja umeelekezewa mipira 80 ya hatari. Wa kwanza ameifikia 40, akaharibu mmoja. Wa pili ameifikia 60, akaharibu minne. Mpenda asilimia atamtawaza wa kwanza: amefaulu kwa asilimia 97.5, mwenzake 93.3. Lakini wa kwanza ameokoa mipira 39, wa pili 56! Ile 40 iliyompita wa kwanza haikuandikwa popote, kwa kuwa mpira usiofikiwa hauhesabiwi kuwa kosa. Wahenga walikwisha kutuonya: mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Wamarekani waliugundua mtego huu katika besiboli. Miaka ya 1970, Bill James alihoji desturi ya kumsifu mlinzi kwa uchache wa makosa, akataka ihesabiwe pia ni mara ngapi kwa mchezo mmoja anashiriki kuwatoa wapinzani.

Hata hivyo, wingi wa matendo nao hudanganya. Manchester United ilipomuuza Jaap Stam kwa Lazio mwaka 2001, ilisimuliwa kwamba takwimu zilionyesha ananyang'anya mpira mara chache kuliko zamani. Alex Ferguson mwenyewe baadaye alikiri kuwa uamuzi ule ulikuwa kosa. Beki anayejua kujipanga hana haja ya kujitupa chini kila dakika.

Sipingi takwimu, napinga takwimu pofu. Mwalimu wa michezo mwenye daftari aandike mambo matatu: mipira iliyoelekea eneo la beki, aliyoifikia na aliyoiharibu. Aandike na hali ya uwanja, kwa maana mpira haudundi kwenye mteremko wa Ngara kama unavyodunda kwenye nyasi bandia za Kaitaba. Na asihukumu kwa mechi mbili, kwani katika mechi mbili bahati ina sauti kubwa kuliko kipaji.

Nitaambiwa hakuna fedha. Daftari na kalamu vinahitaji bajeti gani? Kinachokosekana ni heshima kwa kazi isiyoshangiliwa. Kijana wa miaka 15 akikatwa jina leo, hana pa kukata rufaa. Anayemkata basi na awe na ushahidi unaozidi kumbukumbu ya mpira mmoja uliomponyoka.