Safisha kwanza, kiyoyozi baadaye

Ni kweli joto linazichosha kompyuta kongwe za mezani katika ofisi na skuli zetu hapa Pemba, lakini dawa ya kwanza si kiyoyozi. Prosesa hupozwa na hewa ya chumbani: chumba kikiwa na nyuzi 32 na prosesa 85, pengo ni 53. Kiyoyozi kikishusha chumba hadi 25, prosesa itabaki karibu na 78, kwani pengo halikuguswa. Kinacholikuza pengo ni vumbi lililoziba mapezi ya alumini chini ya feni, na grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Wapo watakaosema kufungua mashine ni kuiharibu. Hatari ipo, ila huepukika: chomoa waya wa umeme, izuie feni isizunguke unapopuliza vumbi, futa grisi kuukuu kwa spiriti, kisha paka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Wengine watasema heri kununua mpya. Nayo, iwe Wete au Mkoani, itavuta vumbi lile lile na hewa ile ile ya chumvi. Bila ratiba ya usafi, fedha ya umma itapotea tena.