Mkufunzi Ametoka Kazi Gani?

Tunapompima mkufunzi wa chuo, aghalabu hutazama shahada yake. Hapana budi tutazame pia kazi iliyomlea, kwani ndiyo iliyomzoeza jinsi ya kulikabili swali asilolijua jibu lake.

Kisa cha Erasto Mpemba chatosha kuwa mfano. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, alitia maziwa ya moto ya aiskrimu katika jokofu, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Rafiki yake muuza aiskrimu mjini Tanga alimthibitishia kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo ili yagande upesi. Mwalimu wake wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka. Osborne aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wangali wakibishana juu ya jambo hilo.

Muuza aiskrimu alijua litokealo, mwalimu alijua kanuni, mtafiti alijua kupima. Vyuoni mwetu wamo wote watatu. Mkufunzi aliyetoka karakanani huonyesha kwa mikono yake, lakini huenda asieleze sababu. Aliyetoka darasani moja kwa moja hupanga somo vyema, lakini swali lililo nje ya muhtasari humtia wasiwasi. Mtafiti hulipenda swali, lakini pengine humwacha nyuma mwanafunzi asiye na msingi.

Kwa maoni yangu, hakuna malezi yanayojitosheleza. Fundi afundishwe ualimu. Aliyelelewa na vitabu apewe muda wa kufanya kazi karakanani au maabara. Mtafiti aketi katika madarasa ya wenzake na kujifunza kuanza na msingi. Gharama ipo, lakini hasara ya kutofanya hivyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mwalimu wa sekondari hufundisha kama alivyofundishwa chuoni. Mkufunzi akilizima swali moja, atalizima katika shule nyingi asizozijua.

Nanyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu: “Tumejuaje?” Mwalimu anayejibu, “Hebu tupime,” ameshawafundisha sayansi, hata kama jaribio halikufaulu.