Jawabu Kwanza, Dawa Baadaye

Hakuna mji wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, usiokuwa na paka barazani, sokoni na ufukweni kwa wavuvi. Na kwa kuwa tumemzoea kiasi hicho, tumezoea pia kumwona akipita na shavu lililofura au jicho lililozibwa na uvimbe, nasi tukasema, “Huyu kapigana,” tukaendelea na shughuli zetu. Wenye huruma zaidi huenda kwenye duka la dawa za mifugo, wakaeleza kwa maneno mawili, wakauziwa chupa ya antibiotiki iliyokusudiwa ng’ombe, wakarejea nyumbani wakiwa na yakini kwamba wametimiza wajibu wao. Nadai katika makala haya kwamba hawajautimiza, kwa sababu wamenunua dawa ya maradhi ambayo hakuna aliyeyajua, si muuzaji wala mnunuzi.

Uvimbe wa uso ni dalili, wala si ugonjwa. Aghalabu, hasa kwa madume wasiohasiwa, chanzo chake ni ugomvi wa usiku: chonge za paka ni nyembamba na kali, hupenya ngozi na kuacha tundu dogo ambalo huziba upesi, ilhali vijidudu vya kinywani vimekwisha kufungiwa ndani, na baada ya siku mbili tatu jipu hujitokeza. Walakini, hata katika hali hii iliyo nyepesi kuliko zote, sindano peke yake haitoshi, maana dawa ipitayo katika damu haipenyi vyema katika dimbwi la usaha. Usaha hutaka kutolewa.

Fauka ya hayo, mambo mengine huleta sura ile ile. Uvimbe uliokaa chini ya jicho huweza kutoka katika mzizi wa gego kubwa la juu lililooza au kuvunjika. Huo hunywea kwa dawa, na dawa ikisha hurudi, mpaka jino ling’olewe. Uvimbe wa mgongo wa pua, unaoambatana na chafya na makamasi yasiyokoma, huenda ukawa wa kuvu aitwaye kriptokoka, ambaye hustawi katika kinyesi cha njiwa na hutibiwa kwa dawa za kuvu kwa miezi kadhaa, wala antibiotiki haimdhuru hata kidogo. Paka mweupe, anayeota jua letu la pwani mwaka hadi mwaka, huweza kuota saratani ya ngozi puani, masikioni au kwenye kope, na kila wiki inayopotea kwa kubahatisha ni wiki ambayo saratani imeipata bure. Kadhalika kuna mwiba wa samaki uliokwama kinywani, taya lililovunjika, na nyuki aliyeuma.

Na iko sababu moja ambayo sisi wenyewe huileta kwa mikono yetu. Mtu amwonapo paka wake anaumwa, humpa kipande cha parasetamoli, kama ampavyo mtoto mwenye homa. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii ipasavyo. Damu yake hugeuka ikawa haiwezi kuchukua hewa, ufizi huwa wa kahawia au buluu, na uso na nyayo huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua. Hivyo mwenye paka akauona uvimbe umezidi, akadhani maradhi yamepanda, akaongeza kipande cha pili.

Nilipata kushuhudia, mjini Tanga, daktari mmoja wa mifugo akimpokea dume aliyevimba shavu la kushoto. Alimpima uzito, akauliza uvimbe ulianza lini na paka amekula nini, kisha akamtuliza kwa dawa na kumnyoa manyoya shavuni. Na hapo, chini ya kigaga, vikaonekana vitundu viwili, vimeachana kwa upana wa chonge za paka mwenziwe. Hakuridhika na hilo. Alifunua midomo, akabonyeza gego moja moja, akainusa pumzi. Ndipo alipochoma bomba tupu katika uvimbe na kuvuta, likajaa usaha mzito wa manjano ulionuka chumba kizima. Tone moja alilipaka juu ya kioo ili alitazame kwa hadubini. “Sasa tumejua, mama,” akamwambia mwenye paka, na baada ya kujua ndipo akapasua, akakamua, akasafisha kwa maji ya chumvi, na kuandika dawa ya siku maalumu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na katika wanyama wa nyumbani sijui mfichaji ampitaye paka, ambaye hula na kujiramba akiwa na maumivu ambayo yangemlaza binadamu kitandani. Basi uvimbe unapodhihiri usoni, ambako hawezi kuuficha, haifai kungoja zaidi.

Atasema msemaji kwamba watu wenyewe wanapanga foleni hospitalini, seuze paka. Namjibu kwamba kioo, hadubini na rangi kidogo ya kutia tone la usaha si vitu vya anasa, na gharama ya kuvitumia mara nyingi ni ndogo kuliko ya chupa tatu za dawa zisizohusika. Namjibu pia kwamba antibiotiki zinazotumiwa ovyo hukuza vijidudu sugu, na vijidudu hivyo havijui mpaka baina ya paka na mtoto anayemlaza kifuani. Tena paka aliyeng’atwa na mnyama asiyejulikana huenda ameng’atwa na mwenye kichaa cha mbwa. Naye akimwuma au kumparura mtu wa nyumba, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali bila kuchelewa. Wala tusisahau hadithi ijulikanayo na Waislamu wengi, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie akajitafutia. Kosa lake lilikuwa kumtwaa kiumbe katika himaya yake kisha asimtimizie haki, na anayefuga paka ameingia katika dhamana iyo hiyo.

Madaktari nao wana deni. Wanaohitimu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, au kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hawakusomea ng’ombe peke yake. Elimu ya kuchunguza uvimbe wanayo, na mwananchi anayebeba paka wake kikapuni kwa miguu anastahiki kuelezwa sababu kabla ya paka kudungwa sindano. Nazo halmashauri zetu, ambazo aghalabu huwakumbuka paka siku za chanjo tu, zingefanya insafu kuhakikisha kwamba kila ofisi ya mifugo ya wilaya ina vifaa hivi vichache vya uchunguzi, ambavyo vitamfaa ng’ombe na mbuzi kama vitakavyomfaa paka.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliye na paka aliyevimba uso, usianzie dukani kwa kuuliza bei, wala usifungue kabati la dawa za binadamu. Mpeleke kwa daktari, nawe umwulize maswali matatu: uvimbe huu una nini ndani, umejuaje, na tufanye nini iwapo hautapungua? Kuuliza si ujinga, na daktari asiyechukizwa na maswali hayo ndiye anayestahili kurudiwa.