Punda Asife, na Mzigo Ufike

Mimi hula kwa kuandika. Si vitabu, usinifikirie makuu. Ni vibarua vya mtandaoni: mtu wa ng'ambo nisiyemjua anatuma mada, mimi naandika, yeye analipa kwa neno. Aprili iliyopita mmoja alitaka maneno 800 kuhusu nishati safi na maisha ya kisasa. Nikakaa chumbani kwangu hapa Mugutha, ndani kidogo ukitoka Thika Road, kati ya Ruiru na Juja, nikaanza kueleza jinsi dunia inavyoingia enzi isiyo na moshi. Nilikuwa nimefika kama neno la 300 hivi, stima zikapotea.

Stima zikipotea, mtaa wetu hunyamaza. Mashine ya fundi wa vyuma inakufa, muziki wa kinyozi unakatika, na unaanza kusikia vitu ambavyo siku zote hufunikwa na kelele. Siku hiyo nilisikia kwato. Alikuwa Probox, punda wa maji, akipandisha mkokoteni wenye mitungi 20 kwenye ule mwinuko wa kuja kwa ploti yetu. Wanamwita Probox kwa sababu habagui mzigo. Nikatoa kichwa dirishani niitishe mitungi yangu miwili, kama kawaida.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo wetu ni ule mweusi, ukilowa unashika gurudumu kama gundi. Katikati ya mwinuko Probox akasimama. Kijana anayemwendesha, rika langu kabisa, akamchapa. Probox akajaribu tena, magoti yakakunja, akaanguka. Mitungi ikabingirika, mitatu ikapasuka. Kijana akazidi kumchapa akiwa pale chini. Nilishuka ngazi mbio.

"Wee, acha! Huoni ameanguka? Utamuua!"

Hakukasirika. Aliniangalia tu, huku anahema.

"Boss, maji umeoga nayo leo asubuhi, ulidhani imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulimfungua Probox, tukamsukuma watu wanne mpaka akasimama. Chini ya ile kamba ya shingoni alikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja changu, cha zamani, kilichopona na kufunguka mara nyingi. Nimenunua maji kwa huyo punda mwaka mzima na sikuwahi kukiona.

Shuleni tulifunzwa methali: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tuliandikia insha, tukapewa alama. Sikumbuki mwalimu yeyote akituuliza punda anaionaje. Sasa nimekua, na nadai kwamba hiyo methali ndiyo sera yetu ya nishati. Hatujaiandika mahali popote kwa sababu haina haja ya kuandikwa, inatembea yenyewe.

Angalia vile tunavyojisifu. Kenya huzalisha takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwa vyanzo visivyoisha: mvuke wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Loiyangalani wenye mitambo 365, na sola kidogo. Ni jambo kubwa, nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa tatu karo ilipokwama, kwa hivyo nina nusu ya elimu ya stima, lakini hata hiyo nusu inatosha kunionyesha kwamba asilimia hiyo hupimwa kule umeme unakozalishwa. Hakuna anayepima kinachoendelea huku mwisho.

Huku mwisho ni hivi. Maji ya kuuzwa Mugutha hutoka kwenye visima virefu vya watu binafsi. Pampu ya stima inayavuta kutoka chini ya ardhi, yanapanda hadi kwenye tangi, yanashuka kwa mfereji, yanajaza mtungi. Mpaka hapo ni mvuke na upepo vinavyofanya kazi, kila kitu kisafi kama kwenye makala yangu. Halafu kile kipande cha mwisho, kutoka kisimani hadi mlangoni kwangu, kinaachiwa mnyama. Mtungi mmoja ni lita 20, yaani kilo 20. Mitungi 20 ni kilo 400, na hujahesabu mkokoteni wenyewe. Punda wetu wa kawaida hata kilo 200 hafikishi. Ni kweli magurudumu husaidia, lakini yanasaidia kwenye lami, na lami iko kule Thika Road.

Kwa nini hakuna bomba? Maji si anasa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Katiba hiyo hiyo ikaipa serikali ya kaunti kazi ya kuyafikisha. Bwawa la Ndakaini, kule juu Murang'a, limekuwa likipeleka maji Nairobi tangu miaka ya 1990. Kuna mtu Kilimani anavuta choo na maji yaliyoteremka kilomita nyingi kwa bomba, bila punda hata mmoja kuguswa. Kwa hivyo teknolojia tunayo. Kilichobaki ni nani anahesabiwa kwanza.

Hapo ndipo ninapokosana na nusu ya marafiki zangu. Wao wanapenda nishati safi inayoonekana. Unakumbuka Septemba 2023, Kongamano la Tabianchi la Afrika pale KICC? Rais Ruto alijiendesha mpaka ukumbini kwa kigari kidogo cha manjano cha umeme, na picha zikajaa kila simu. Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 25 Agosti, nchi nzima ilikuwa gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Sikicheki kile kigari. Bodaboda za umeme nazo nazipenda, hazina moshi, hazipigi kelele, na msee anayeziendesha anaacha kuchomea faida yake kwenye petroli. Ninachouliza ni kuhusu foleni. Tumeanza na wanaotaka kusafiri bila moshi, tukaruka wanaotaka tu maji yafike. Kwenye mikutano utasikia kuhusu betri, chaja na mikopo ya nafuu. Utasubiri sana kabla ya kusikia neno punda.

Kuna wale wa upande mwingine, na hawa huniudhi zaidi. Wanasema, lakini punda si ndiye nishati safi yenyewe? Anakula nyasi, hatoi moshi, samadi yake inarudi shambani. Nimeisikia hiyo hoja kutoka kwa watu wawili na wote wawili wana mfereji jikoni. Wanamwona punda kwenye picha, jua likizama, wanasema maisha ya zamani yalikuwa mazuri. Kitu kikifanya kazi kwa maumivu, mimi sitakiita kisafi. Kama kigezo ni moshi peke yake, basi mtumwa pia alikuwa nishati safi.

Na usidhani punda yuko nje ya maisha ya kisasa, ati amesahaulika huko kijijini. Maisha ya kisasa yalimpata vizuri sana. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua vichinjio vya punda, vinne kwa jumla, huko Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Soko lilikuwa ngozi, ambayo China huchemshwa kupata ejiao, dawa na kirembesho. Bei ikapanda, na wizi ukapanda nayo. Watu waliamka asubuhi wakakuta kamba tupu, na mzoga uliochunwa ngozi ukiwa vichakani. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8. Ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hivyo pengo kama hilo halizibiki haraka. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa hiyo marufuku. Ilibidi tusubiri Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kule Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Ona basi hali yake. Akiwa hai, tunamfanya bomba. Akiuzwa, anakuwa ngozi. Na wale akina mama waliokuwa wanachota maji kwa punda aliyeibwa? Walirudi kubeba mtungi kwa mgongo. Punda alipoondoka, mzigo ulibaki, ukahamia kwa kiumbe aliyefuata kwenye foleni. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba kuongea juu ya mnyama ni kusahau binadamu.

Utaniambia haiwezekani, nchi maskini haina nafasi ya kuhurumia wanyama. Nenda Kajiado. Pale Kipeto kuna mitambo 60 ya upepo, na eneo hilo lina tumbusi, wale tai wa mizoga, wa aina ambazo ziko karibu kutoweka duniani. Mitambo ikiwa inazunguka, kuna watu wameajiriwa kuangalia angani. Tumbusi akikaribia, wanaagiza mtambo usimamishwe. Mashine ya mamilioni inasimama ndege apite, halafu inaendelea. Huo ni umeme wa Kenya, kwenye gridi ya Kenya. Kama tunaweza kusimamisha mtambo kwa ajili ya ndege asiyetubebea chochote, tunaweza kumshusha mzigo yule anayetuletea maji ya kuoga.

Au nenda Lamu, mji wa punda kuliko wote, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Punda wa huko wana zahanati yao tangu miaka ya 1980. Na ni hao hao watu wa Lamu waliokataa kinu cha makaa ya mawe, wakapigana mpaka Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta kibali chake. Sisemi Lamu ni pepo, punda huteseka huko pia. Nasema kwamba watu wa mji unaoishi kwa punda walielewa hewa safi kuliko wataalamu wengi wenye suti.

Sasa, mimi nataka nini? Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja la ajabu.

La kwanza, kaunti zituletee bomba na kioski cha maji chenye pampu ya sola mitaani kama huu wetu, kabla ya kukata utepe wa kituo cha kuchajia magari ambayo hatuna. La pili, sheria tuliyo nayo itumike. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo na kumfanyisha kazi akiwa hafai kufanya kazi. Kidonda cha Probox kimekuwa kikivunja sheria hadharani, kila siku, mbele ya sisi sote. La tatu ni letu. Tuache kupenda mtungi wa bei ya chini kabisa kana kwamba bei hiyo inatoka mbinguni.

Hili la tatu nimelijaribu. Jioni ya siku ile niliongea na yule kijana. Aliniambia Probox si wake, anamkodisha kwa mzee mmoja, na kila jioni lazima alipe pesa za mwenye punda kabla ya kupata zake. Akipakia mitungi kumi, halipi deni. Akipakia 20, anabaki na ya kula. Nilikuwa nimemwona kama mkatili, kumbe na yeye amefungwa kamba kwenye huo mkokoteni.

Nikapita mlango kwa mlango kwenye ploti yetu. Nilisema hivi: tuongeze shilingi tano kwa mtungi, na yeye aje na mitungi isiyozidi 12, na mvua ikinyesha mkokoteni ubaki chini, sisi tushuke na mitungi yetu. Wapangaji tisa walikubali. Watatu walikataa. Mama mmoja wa watoto wanne alinieleza wazi kwamba shilingi tano mara mitungi sita kila siku ni unga wa wiki, na kwamba mimi naweza kuhurumia punda kwa sababu naishi peke yangu. Ana haki. Ndiyo maana hilo la tatu haliwezi kuchukua nafasi ya lile la kwanza. Huruma ya wapangaji tisa si mfumo wa maji.

Ile makala ya maneno 800 niliimaliza stima ziliporudi, nikaituma, nikalipwa. Probox hayumo. Mteja alikuwa ameomba mifano ya kuvutia, nikampa paneli za sola juu ya paa jekundu. Pesa hizo nimenunulia maji.

Jana mkokoteni ulikuja na mitungi 14. Nikamwambia kijana, tulisema 12. Akacheka, akasema hiyo miwili ni ya wale watatu waliokataa. Probox alikuwa amesimama anatafuna majani ya kando ya ukuta, kitambaa kimefungwa chini ya kamba pale kwenye kidonda. Nilibeba mitungi yangu mwenyewe mpaka juu. Mizito, jo. Nilipumzika mara mbili kwenye ngazi.